Kabichi za Kutazama kwenye Kibaraza cha Wachumaji

Bweni la wachuma matufaha, Barabara ya Juu, Corbin Mills, Vermont
Tarehe 2 Septemba. Leo ni siku ya arobaini na tatu tangu nitoke nyumbani Balaclava, Jamaika.

Mpendwa Shangazi Verna,

Naomba msaada wako, na naomba usicheke mpaka ufike mwisho, maana wenzangu hapa bwenini wamekwisha kucheka kwa niaba ya mji mzima. Jina langu ni Lascelles Pinnock. Nimechuma matufaha hapa misimu kumi na saba, na shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo ukikuta sentensi imepotea njia isukume tu iendelee. Gazeti lenu bosi akishalimaliza hutuletea la kuwashia jiko, mimi hulisoma kwanza, na nimeona unavyowajibu watu, huwabembelezi, ndiyo maana nimekuandikia wewe. Jina langu usilifiche. Misimu kumi na saba hakuna aliyeliuliza.

Shida yangu ni kibaraza. Bweni letu lina kibaraza kirefu kinachotazama barabara, na ng'ambo ya barabara ni namba kumi na mbili, kwa Bi Dorcas Whitcomb, ambaye sikumbuki mwaka alioukosa utepe wa buluu wa ushindi katika Matembezi ya Vibaraza. Unayajua matembezi yenyewe, Jumamosi ya pili ya Oktoba kila mtu anapewa punje moja ya hindi jekundu, anatembea barabara nzima, anaidondosha kwenye mkebe wa kibaraza kilichompendeza. Misimu mingi tu watu walitoka namba kumi na moja wakaenda namba kumi na mbili wakitupita kama wanavyolipita ghala, na sisi tumekaa pale watu tisa tunakunywa chai, tunawaona, wao wanatazama miti. Mzee Ezra, mkubwa wetu, alianza kuchuma hapa kabla Bi Whitcomb hajapata mvi, na mpaka leo wanamwita yule wa kofia.

Basi mwaka jana nikachoka, nikaenda ofisi ya mji nikaomba kibao cha namba kama wenye nyumba wengine. Wakatafuta kwenye daftari, wakaona bweni halina namba, wakanipa kumi na moja na nusu. Nikakipokea hivyo hivyo, nikaenda kwenye kitalu cha miche, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu nilichagua vitu ambavyo macho yangu yanavijua. Mke wangu Claudette kule nyumbani amepanga mikebe ya rangi kwenye ukumbi wa mbele, ana krotoni za manjano na nyekundu, ana koleusi zenye majani kama yamechorwa na mtu mwenye wazimu, ana begonia, hakuna mtu anayepita njia ile bila kugeuza shingo. Nikavikuta vyote kitaluni, vimewekwa pembeni kabisa kwa nyuma, nikafurahi kama nimekutana na ndugu zangu uwanja wa ndege. Muuzaji akaniuliza, "Ni za ndani?" Nikamwambia za kibarazani. Akainua mabega, akanifungia.

Alhamisi kibaraza kiliwaka, Shangazi, sikudanganyi. Nikapiga picha nikamtumia Claudette. Ijumaa usiku jalidi ikashuka, ule umande unaoganda kuwa barafu, na Jumamosi asubuhi kila kitu kilikuwa cheusi, kimelala juu ya ukingo wa mkebe kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Na siku hiyo ndiyo watu walisimama mbele yetu kwa mara ya kwanza. Walisimama kweli. Bi Whitcomb akamwambia mwenzake, wala si kwa sauti ndogo, "Maskini, walijaribu." Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo na kikombe mkononi.

Sasa naungama. Claudette sikumwambia. Aliisafisha ile picha, akaipeleka kanisani ikapita mkono kwa mkono, sasa imetundikwa juu ya cherehani yake, na kila nikipiga simu ananiambia, "Mwaka huu nataka picha yenye watu, Lascelles. Maua matupu hata kwenye kalenda yapo." Nami najibu ndiyo mpenzi, ndiyo mpenzi.

Jana nilirudi kitaluni. Nimeona krisanthemamu zimefunguka zote, kubwa kama mpira, nyekundu, nikatamani kuzibeba pale pale. Nimeona pia sukuma wiki na kabichi za mapambo, za kupanda uangalie usile, lakini zimepauka, rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Na kuna vile viua vidogo vyenye uso wa paka. Nilipouliza ushauri bwenini, Hopeton, ambaye analala kitanda cha juu yangu na hanyamazi hata akilala, akaanza.

"Kabichi ya kutazama? Pinnock, mama yako akisikia umepanda kabichi ya kutazama atafunga siku tatu kukuombea."

"Sijasema nitapanda. Nauliza tu."

"Na samaki wa chumvi wa kulia hiyo kabichi tumweke wapi, kwenye fremu?"

Wote wakaangua kicheko. Hopeton akaniambia nirudishe kibao nisiwaaibishe mara ya pili, na wengine wakaunga mkono. Mzee Ezra peke yake hakucheka. Alivua kofia, akaitazama ndani kama ameandikiwa jambo humo, akaivaa tena.

Nirudishe kibao, au nikiache? Kama nikikiacha, nipande nini kisichokufa kabla ya watu kufika? Na Claudette nimwambie nini? Tunaanza kazi alfajiri na kumaliza mgongo hauna mwenyewe, sina nguvu ya kukosea tena.

Lascelles Pinnock


SHANGAZI VERNA ANAJIBU

Lascelles,

Nimecheka, lakini nilisubiri mwisho kama ulivyoomba.

Kibao hakirudi. Ukikirudisha nitakuja kukipigilia mwenyewe, na nina miaka sabini na nne na sioni vizuri, kwa hiyo mlinde vidole vyenu. Mtu aliyechuma matufaha ya mji huu misimu kumi na saba ana haki ya kutazamwa siku moja kwa mwaka.

Ninachokugombeza ni kitu kingine. Ulichukua ukumbi wa mke wako ukautua Vermont mwezi wa kumi, ukategemea ubaki hai. Krotoni na koleusi hazina kosa, ila watu wa hapa huzifuga ndani, dirishani. Muuzaji alipokuuliza kama ni za ndani alikuwa anakuonya, wewe ukasikia swali tu.

Sasa nijibu. Asubuhi ukiwa juu ya ngazi, ni tufaha gani unalitia mfukoni? Lile lenye shavu jekundu? Hapana, hilo hufanywa na mtu wa wiki ya kwanza, na msimamizi humrudishia mfuko wote. Wewe unatazama rangi iliyo chini ya wekundu, kama kijani chake kimeanza kugeuka manjano. Hivyo ndivyo mikono yako ilivyofundishwa. Mbona ukiingia kitaluni unakuwa mtu wa wiki ya kwanza? Krisanthemamu iliyofunguka yote leo ni shavu jekundu. Itakuwa imezeeka kabla ya Oktoba, na ua lililo wazi ndilo jalidi hulichoma kwanza. Chagua yenye matumba yaliyofumba, magumu kama mbaazi, na moja au mawili tu yameanza kuonyesha rangi ili ujue unabeba nini.

Hiyo sukuma wiki uliyoiita maji ya vyombo ndiyo itakayokuokoa. Ni mmea ambao baridi yenyewe huupaka rangi. Kila usiku wa baridi unaupeleka mbele, moyo wake unageuka waridi, zambarau, maziwa. Wakati vya wenzako vinanyauka, wako unaamka umevaa. Mwambie Hopeton hata kuliwa inaliwa, lakini ni ngumu na ina uchungu, na itamfaa, itamshughulisha mdomo.

Vile viua vya uso wa paka vipande kwa wingi mbele. Navyo nakuonya: asubuhi ya jalidi utavikuta vimelala chini kama vimepigwa. Usiving'oe. Usivimwagie maji ya moto, nimeona mwanamume mzima akifanya hivyo. Usiviguse kabisa mpaka jua livifikie.

Mikebe ya rangi achana nayo. Mna makasha ya zamani ya matufaha, ambayo watu wa barabara hiyo wangeyagombania. Toboa chini, tandika gunia ndani, tia udongo mwepesi wa kitaluni, usichote wa shambani utaganda kama tofali. Nyuma weka nyasi ndefu za mapambo, katikati sukuma wiki na krisanthemamu, ukingoni kitu cha kutambaa kishuke nje ya kasha. Na zibanane! Majira ya kupanda mbegu tunaacha nafasi ya kukua, lakini sasa hakuna kukua tena. Utakavyopanda siku hiyo ndivyo watu watakavyoona. Mwagilia asubuhi, shinani, si juu ya majani.

Kuhusu mkeo. Mwambie kabla ya matembezi. Ukisubiri ushinde ndipo useme, huko si kuungama, ni kujisifu kwa njia ndefu. Mpigie simu Jumapili hii, useme kwa maneno yasiyozidi ishirini, halafu unyamaze akugombeze.

Na wewe Dorcas Whitcomb, nakujua tangu tukiwa shule ya Jumapili, na najua unasoma ukurasa huu kila Alhamisi. Vuka barabara.

Verna Pelkey


Bweni la wachumaji, namba kumi na moja na nusu
Tarehe 12 Oktoba. Siku ya themanini na tatu tangu nitoke nyumbani.

Mpendwa Shangazi Verna,

Safari hii siombi msaada, naleta habari, na kama nafasi ni ndogo gazetini basi mnyime mtu mwingine.

Nilimpigia Claudette Jumapili ile ile. Nikasema, "Maua yote yalikufa siku moja baada ya picha, nami nikakuficha mwaka mzima." Nikanyamaza kama ulivyoniagiza.

"Nilijua," Claudette akasema.

"Ulijuaje?"

"Kivuli chako kimeingia kwenye picha, Lascelles. Kivuli kimevaa kofia ya baridi, ile ya kufunika masikio. Mtu anayepiga picha begonia amevaa kofia ya masikio, hizo begonia zitaishi kweli? Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Kisha akanigombeza, tena bila haraka, na mwisho akasema bado anataka ile yenye watu.

Nikapanda kama ulivyosema. Makasha kumi na mawili. Matumba magumu kama mbaazi, nyasi nyuma, viua mbele, kila kitu kimebanana kama sisi tulivyobanana humu ndani. Mzee Ezra ndiye aliyekuja na ngazi yake ya zamani ya miguu mitatu, ile aliyoichumia mpaka vidato vikalika katikati, akaisimamisha kibarazani na kusema, "Weka vyungu kwenye vidato. Imenibeba mimi, haitashindwa na kabichi." Hopeton alipita mara nne akiuliza chakula cha mchana kitaiva lini.

Basi Ijumaa, wewe mwenyewe unaijua ile baridi. Jana nimetoka kwenye mwanga wa kwanza, maji ya ndoo yameshika ngozi ya barafu, na viua vyangu vyote, vyote Shangazi, vimelala kifudifudi. Nilikuwa nimesoma onyo lako mara kumi na bado nilipiga magoti kutazama kama vina uhai. Hopeton akatoka nyuma yangu na shuka mabegani.

"Haya," akasema, "mazishi saa nne. Nani ataongoza wimbo?"

"Viache. Havijafa."

"Pinnock, maiti naijua nikiiona." Akaenda kuchukua koleo ang'oe kibao kabla watu hawajatoka majumbani. Sikumzuia kwa nguvu, nilimwambia tu asubiri jua, naye akasema jua halifufui. Aliporudi na koleo alimkuta Mzee Ezra ameweka kiti chini ya kibao, amekaa, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Mzee, nipishe kidogo."

"Anayekitaka kibao aanze kuning'oa mimi."

Hopeton akatazama koleo, akamtazama mzee, akaenda kuchemsha chai.

Lakini sukuma wiki! Sikuwa nimeitazama, kwa sababu ya hofu. Ile ya maji ya vyombo ilikuwa imegeuka moyo wa rangi ya rozela, imezungukwa na zambarau, na jalidi imekaa ukingoni mwa kila jani kama chumvi. Krisanthemamu zilikuwa nusu wazi nusu zimefumba, wala hazikuguswa. Ng'ambo, Bi Whitcomb alikuwa anafunua mashuka aliyofunikia maua yake usiku, na sitasema uongo, yalikuwa yamepona mengi, ila makubwa yaliyofunguka yalikuwa na kahawia ukingoni.

Jua likavuka ghala saa tatu na nusu. Watu wa kwanza walikuwa wameshafika namba kumi na moja. Likagusa kasha la kwanza, na nikaona kiua kimoja kinainua kichwa, halafu cha pembeni yake, halafu safu nzima, kama waumini mhubiri akisema tusimame. Bwana mmoja aliyekuwa anatupita kama kawaida yake akasimama mguu hewani, akaita, "Jamani njooni muone, yanaamka!" Wakaja. Walisimama mpaka barabara ikajaa, wananyoosha vidole kila kasha jua lilipolifikia, na punje za mahindi zikaanza kulia kwenye mkebe wetu kama mvua inapoanza juu ya bati.

Ndipo Bi Whitcomb akavuka barabara. Alivua glavu, akanipa mkono.

"Bwana Pinnock," akasema. "Verna aliniambia nivuke, nimevuka. Nilisema neno baya mwaka jana, na nimejisoma gazetini nikaona aibu."

Nikamwambia mama, yamekwisha. Akainama juu ya kasha. "Hii kabichi inakuwaje hivi? Miaka yote nimeipita kitaluni nikidhani imechakaa."

Kabla sijafungua mdomo Hopeton akajipenyeza na sinia la chai. "Siri yake ni uvumilivu, mama. Mimi ndiye niliyewashauri. Hawa walikuwa wanataka kuila."

Nilitaka kumtupia kasha. Lakini hata Mzee Ezra alicheka, nami sijamsikia akicheka tangu msimu wa juzi. Bi Whitcomb akamgeukia. "Na wewe, baba? Nimekuona miaka mingi sana na sijawahi kukuuliza jina."

"Ezra Bent," akasema, akasimama kwanza ndipo akaivua kofia. "Huyu hapa Lascelles. Yule mwongo wa chai ni Hopeton." Akaendelea mpaka akataja wote tisa, polepole, mmoja mmoja, na yule mama akarudia kila jina. Kisha akadondosha punje yake kwenye mkebe wetu.

Utepe wa buluu ni wetu, Shangazi. Walipouleta tulitafuta pa kuufunga, kwenye kibao, kwenye ngazi, na Hopeton mwenyewe ndiye aliyesema, "Fungeni kwenye kofia." Sasa mji ukitaka kumwita yule wa kofia na umwite, lakini uangalie kofia yenyewe.

Picha nimemtumia Claudette. Ina wachumaji tisa, Bi Whitcomb na kundi la watu wa barabara nzima, na Hopeton amepakata kasha la kabichi kama mwanawe wa kwanza. Jibu lilikuja hapo hapo: "Huyo mama mwenye mvi aliyekushika bega ni nani?" Nimemwambia ni jirani. Ni mara ya kwanza kulitumia neno hilo huku.

Yamebaki matufaha ya mwisho, yale magumu ya upande wa kilima, na mgongo wangu unayajua. Bweni linafungwa tarehe sita Novemba. Bi Whitcomb atamwagilia sukuma wiki mpaka theluji iifunike, amesema itang'aa hata chini yake. Claudette ameosha mikebe na kuipaka upya, ananingoja nimpangie. Nitashuka kwenye basi Balaclava Jumamosi, tarehe nane Novemba, kabla ya giza, bila kofia ya masikio.

Lascelles Pinnock